Ndani Iendayo

Alikuja na karatasi, si mbao.
Kerubo, msanifu, viatu mkononi,
maji ya bamvua yalikuwa yamepanda mpaka kizingitini.
"Fundi," akasema, "nataka ndani ya nyumba ya Lamu
ikae ndani ya behewa."

Nikauliza upana.
Kitanda, sentimita themanini.
Nikacheka. Samadari ya mamangu ilipandwa kwa kigoda,
na ndugu wanne tulilala mzungu wa nne
bila kisigino cha mtu kufika ukingoni.

Mimi sijapanda treni.
Nimeiona mara moja, Mombasa,
mwaka niliopeleka mlango Kizingo.
Ilipita bila kusalimu.

Akataka zidaka kumi na mbili kichwani mwa kitanda,
kila kidaka na bakuli lake la kaure,
yote yagandishwe kwa gundi yasiruke kwenye kona.
"Bakuli lisilonyanyulika," nikamwambia, "ni picha ya bakuli."
Akaliandika hilo daftarini. Huandika kila kitu.

Chokaa haiwezekani, akasema, mtikisiko utaipasua.
Kweli. Chokaa ni mtu wa kukaa.
Mbambakofi nao usizidi milimita nne,
ubandikwe juu ya bati,
kwa sheria ya moto na sheria ya uzito.
Milimita nne!
Patasi yangu ndogo ikikohoa tu
imekwisha tokea upande wa pili.
Nilivunja mbao saba
kabla mkono haujajifunza kunong'ona.

Mfungo Sita ulipoandama
tukakisimamisha chumba cha mfano uani kwangu, Langoni:
vitasa vya shaba, beseni la kukunja,
zulia rangi ya tende, taa iliyojificha chini ya ukingo
hata usijue mwanga umetoka kwa nani,
ndoano moja ya koti
katika mji ambao koti hulivaa bwana harusi.
Majirani wakaja kukitazama.
Waliingia wawili wawili, wakatoka wamepunguza sauti.
Famau, mpwa wangu, alikaa nyuma
akikisukuma kwa mabega
ili kionekane kinakwenda.

Ndipo Mwanaesha, mke wangu, akavua ndara, akajilaza.
Akanyoosha mkono wa kulia: ukuta.
Wa kushoto: dirisha, na nyuma ya dirisha
kuku wetu.
Akanyamaza muda wa chai kuchemka.
"Kizuri," akasema.
"Lakini mtu akifa, mwamuosha wapi?"

Famau akaacha kusukuma.

Maana nyumba zetu, nyuma ya ndani kuna nyumba kati,
na sakafuni mwake kuna shimo dogo la kupitishia maji.
Hapo mama alinizaa.
Hapo nilimshika kichwa
shangazi zangu walipommiminia maji, mara tatu, polepole,
na maji yakajua njia.
Hakuna mgeni aliyepata kuonyeshwa chumba hicho.
Kerubo alikuwa amepima vyote vingine.

Alifungua daftari, akalifunga.
"Treni husimama, mama," akasema. "Kuna stesheni."
"Haya," akasema Mwanaesha. "Stesheni."
Wala hakuinuka. Alikuwa akitazama zidaka,
akihesabu mabakuli kwa midomo.

Mzigo ulivuka hadi Mokowe umefungwa mablanketi.
Mwenye lori akauliza kama ni vitanda vya hospitali.
Famau akamwambia ni nyumba.

Vilitoka vyumba vinane.
Watalala humo watu nisiowajua,
watapapasa nakshi zangu gizani wakitafuta swichi,
na huenda wakasema, Lamu hii,
na treni isijibu.

Ila kitanda namba nne,
nyuma ya ubao wa kichwani, upande ulioelekea bati,
ambao gundi imeufunika na hataufungua mtu,
nilichonga mfereji, upana wa kidole cha mwisho,
ukashuka moja kwa moja mpaka chini.

Ubao ulikuwa milimita nne.
Nilikwenda mbili.